Kipimo cha kupuliza cha mama: je, uwiano wa 0.58 baada ya dawa bado ni pumu?

BintiWaKayole aliuliza:

Hamjambo nyote. Ninaomba msaada wa kuelewa karatasi ya kipimo ambayo imekaa mezani kwangu kwa siku nne sasa.

Mama yangu ana umri wa miaka 58 na ninaishi naye Kayole. Kwa miaka saba ameitwa mgonjwa wa pumu, na muda huo wote dawa yake imekuwa inhela ya buluu ya salbutamol peke yake, ambayo huivuta kila kifua kinapombana. Hajavuta sigara hata siku moja. Hata hivyo, alilelewa katika jiko la kuni, na alipokuja Nairobi alikaanga mandazi na chapati kwa makaa ndani ya kibanda cha mabati kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2011 aliugua kifua kikuu, akameza dawa hadi akamaliza, na makohozi yalipopimwa tena hayakuonyesha vijidudu.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba pumu ya mama haifanani na ya watu wengine ninaowajua. Haiji ikaondoka. Akipanda ngazi hadi ghorofa ya pili anatweta, leo kama jana, Julai ya baridi kama Februari ya jua kali, na kila asubuhi hukohoa makohozi kabla ya kunywa chai. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia apulize kwenye mashine, hadi wiki iliyopita tulipokwenda katika kliniki moja hapa jijini.

Karatasi inasema hivi. Kabla ya dawa, FVC ilikuwa lita 2.30 na FEV1 lita 1.31, uwiano (FEV1 ikigawanywa kwa FVC) 0.57. Baada ya kuvuta salbutamol na kungoja dakika 15, FVC ikawa lita 2.42 na FEV1 lita 1.40, uwiano 0.58. FEV1 hiyo ya mwisho imeandikwa kuwa asilimia 65 ya inayotarajiwa. Pembeni kuna herufi mbili za ubora: A kwa FEV1 na C kwa FVC. Aliyetupa karatasi alisema tu kwamba ni pumu na aendelee na dawa yake, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Je, tarakimu hizi zinasema pumu kweli? Na ile herufi C ina maana kwamba kipimo kilikwenda vibaya na hakifai kuaminiwa? Nimesikia pia kwamba Nairobi iko juu sana na kwamba hali hiyo huharibu vipimo vya pumzi. Ningependa kujua kama ni kweli.

---

MpimaPumzi alijibu:

Dada, pole kwa kumuuguza mzazi, na ahsante kwa kuandika tarakimu zote, maana wengi huleta asilimia moja tu na kutarajia jibu. Kazi yangu ya kila siku ni kuwapulizisha watu kwenye spirometa, kwa hiyo nitazungumzia kipimo chenyewe, na suala la matibabu nitawaachia madaktari.

FVC ni hewa yote ambayo mtu anaweza kuisukuma nje kwa nguvu baada ya kujaza mapafu pomoni. FEV1 ni sehemu ya hewa hiyo inayotoka katika sekunde ya kwanza. Chukua mitungi miwili ya maji ya lita 20, mmoja uwe na mdomo wazi na mwingine uwe na kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, kisha uiinamishe yote miwili kwa pamoja. Mwishowe kila mmoja utatoa maji yaleyale, lakini ule wa tundu utachukua muda mrefu zaidi. Mapafu ya mama yako yanafanana na mtungi wa pili: hewa imo, ila njia ya kutokea imebana, na ndiyo maana katika sekunde ya kwanza inatoka asilimia 58 tu ya hewa yake badala ya asilimia sabini na kitu ambayo ningeitarajia kwa mtu mwenye afya wa umri wake. Itazame pia picha iliyo kwenye karatasi, ule mstari unaopanda ghafla kisha ukashuka. Kwa mtu mwenye njia zilizo wazi, mteremko ule hunyooka. Ukiona umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, huo ni ushahidi wa pili wa jambo lilelile.

Sasa kuhusu herufi C. Herufi hizi hutolewa kulingana na jinsi mipulizo mizuri inavyokaribiana. Kwa mtu mzima, A humaanisha kwamba kulikuwa na mipulizo isiyopungua mitatu iliyokubalika na kwamba miwili iliyo bora haikutofautiana kwa zaidi ya mililita 150. C humaanisha kwamba tofauti ilivuka hapo lakini haikupita mililita 200. FEV1 ya mama ina A, yaani alianza kwa nguvu ileile kila mara. Iliyoyumba ni FVC, na sababu ninayoiona karibu kila siku ni kwamba mgonjwa anaacha kupuliza kabla hewa haijaisha. Mwenye njia zilizobana anahitaji kuendelea kusukuma kwa sekunde nyingi, wakati mwingine hadi 15, na kwa mtu anayetweta hiyo ni kazi ngumu mno. Simlaumu hata kidogo.

Lakini fikiria kosa hilo lingeelekea upande gani. Kama aliacha mapema, FVC iliyoandikwa ni ndogo kuliko FVC yake ya kweli. FVC ikiwa ndogo, uwiano hupanda. Kwa maneno mengine, kosa la namna hiyo huficha kubana kwa njia za hewa; haliwezi kukuzua mahali ambapo hakupo. Kwa kuwa uwiano umetoka 0.58 licha ya C hiyo, uwiano wake halisi huenda uko chini zaidi. Ningeshughulika na C hiyo kwa namna nyingine kabisa kama uwiano ungetoka 0.74 na mtu akaambiwa kwamba yu mzima.

Kuhusu mwinuko, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kweli oksijeni hewani ni kidogo kuliko Mombasa. Hata hivyo, spirometa hupima ujazo na kasi ya hewa, kisha hubadilisha hesabu ilingane na joto na unyevu wa ndani ya mwili. Lililo muhimu ni kwamba mashine iwe imepewa joto na kanieneo sahihi ya chumba, na iwe imehakikiwa siku hiyo kwa bomba la lita 3, ambalo likisukumwa linapaswa kusomeka lita 3 kwa kosa lisilozidi asilimia 3. Una haki ya kuuliza kama hilo lilifanyika asubuhi ile. Mimi huwa nafurahi ninapoulizwa.

Lipo jambo moja ambalo karatasi haiwezi kutuambia, nami naliona kubwa kuliko hiyo C. Je, mama alivuta inhela yake asubuhi ya kipimo?

---

KifuaTanguUtoto alijibu:

Mimi nina pumu tangu nikiwa na miaka sita, na ningependa kutahadharisha jambo moja: usikubali mama avuliwe jina la pumu haraka kwa sababu ya karatasi moja. Mwaka jana nilipimwa kwa spirometa hapa Nairobi mchana wa siku nzuri, na matokeo yakawa ya kawaida kabisa, ilhali usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala nimeketi. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu moyoni, maana nilihisi kana kwamba nimeitwa mwongo.

Daktari mwingine ndiye aliyenieleza kwamba pumu hubana na kuachia, na kwamba kipimo cha saa moja huona hali ya saa hiyo tu. Alinipa mita ndogo ya kupulizia, ile bomba ya plastiki yenye kishale, niitumie kila asubuhi na jioni kwa wiki mbili, mara tatu kila wakati, na kuandika ile iliyo kubwa kati ya tatu. Siku moja niliandika lita 320 kwa dakika asubuhi na 400 jioni. Tofauti ni 80, wastani wa hizo mbili ni 360, kwa hiyo siku hiyo pumzi yangu iliyumba kwa asilimia 22. Kwa mtu mzima, wastani wa mayumbo hayo ya kila siku ukizidi asilimia 10, huo ni ushahidi wa pumu. Daftari lile lilionyesha kile ambacho mashine kubwa ilikikosa. Bomba lenyewe si ghali ukililinganisha na kipimo cha hospitali, na mama anaweza kulitumia akiwa kwake Kayole bila kupanda matatu.

---

TabibuWaKifua alijibu:

Nimesoma maelezo yote kwa makini. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kifua, na naomba nisisitize tangu mwanzo kwamba mama asiache dawa wala asianze nyingine kwa sababu ya mazungumzo haya.

Hapo juu yameelezwa mambo mawili yaliyo kweli, ila yanajibu maswali tofauti. Swali la kwanza ni kama njia za hewa zimebana. Swali la pili ni kama kubana huko kunabadilika. Kwa swali la kwanza, tarakimu tunayoitegemea zaidi ni ile ya baada ya dawa, kwa sababu salbutamol huilegeza misuli inayozunguka mirija ya hewa, na kile kinachobaki baada ya misuli kulegea ndicho kubana kunakotokana na mirija yenyewe kuharibika. Uwiano wa 0.58 baada ya dawa uko chini ya 0.70, mpaka unaotumika sana kutambua ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Mpaka huo wa namba moja una kasoro, kwa kuwa uwiano hushuka kwa kawaida jinsi umri unavyosonga. Mzee mwenye afya wa miaka 80 anaweza kuitwa mgonjwa bure, na kijana wa miaka 25 ambaye ni mgonjwa kweli akaachwa. Ndiyo sababu wataalamu wengi hupendelea kiwango cha chini cha kawaida kinachohesabiwa kwa umri, kimo na jinsia. Kwa mwanamke wa miaka 58 mipaka hiyo miwili inakaribiana sana, na mama yuko chini ya yote miwili.

Kwa swali la pili, FEV1 yake ilipanda kwa mililita 90, karibu asilimia 7 ya ile ya mwanzo. Kwa kipimo cha miaka mingi, tulitaka ipande kwa asilimia 12 na mililita 200 ndipo tuseme kwamba dawa imefungua njia kwa kiasi cha maana. Mwongozo mpya zaidi unadai zaidi ya asilimia 10 ya thamani inayotarajiwa. Mama hakufika kwa hesabu yoyote. Lakini hapa ndipo swali la MpimaPumzi lina uzito. Salbutamol inapaswa kusimamishwa kwa muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na zile dawa zinazofanya kazi nusu siku, kama formoterol na salmeterol, kwa muda wa saa 24. Ikiwa alivuta inhela alfajiri ile, basi tarakimu zilizoandikwa „kabla ya dawa” ni za baada ya dawa vilevile, na tumelinganisha kitu na kitu hichohicho. Tarakimu za mwisho zinabaki kuwa za kuaminika. Kinachopotea ni ule ushahidi kwamba dawa haikumsaidia.

Ninachokiona katika historia yake kinanielekeza mbali na pumu peke yake. Miaka mingi ya moshi wa kuni na makaa ndani ya chumba kilichofungika inatosha kuharibu mapafu ya mtu asiyewahi kushika sigara, na wanawake wa mji huu wamelipa gharama hiyo bila kutajwa. Kifua kikuu nacho kinaweza kupona kabisa kwa maana ya vijidudu kisha kikaacha makovu na mirija iliyopanuka isivyo kawaida, ambayo hukusanya makohozi ya kila asubuhi. Kifua chake kipigwe picha ya eksirei, na ikibidi sitiskani. Akiwa anakonda, anatokwa na jasho usiku au anakohoa damu, makohozi yapimwe upya kwanza, tena kabla ya kupuliza mashine yoyote, kwa usalama wake na wa watakaoitumia baada yake.

Kuna jambo dogo kuhusu ile asilimia 65. Kwa miongo mingi mashine zilikuwa na kitufe cha rangi ya mtu, na mtu mweusi akichaguliwa, kiwango kinachotarajiwa kilipunguzwa, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 15, kana kwamba Mungu alimpa mapafu madogo. Hata katika hesabu za kimataifa za mwaka 2012, kundi la weusi lilitokana na Wamarekani wenye asili ya Afrika, si watu wa Kenya. Mwaka 2022 zilitolewa hesabu zisizotenganisha rangi, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikapendekeza zitumiwe. Uliza kliniki yako mashine yao inatumia hesabu zipi. Ikiwa ni zile za zamani, upungufu wa mama ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Uwiano hauguswi sana na jambo hili, kwa kuwa unailinganisha pumzi yake na pumzi yake mwenyewe.

Ningependa pia kumjibu KifuaTanguUtoto. Uko sahihi kwamba kipimo cha kawaida hakiondoi pumu, na sikubaliani hata kidogo na waliokufanya ujione mwongo. Ila hali ya mama ni kinyume cha yako: chake kimetoka kibaya na kikabaki kibaya. Zaidi ya hayo, mtu anaweza kuwa na pumu na ugonjwa sugu kwa pamoja. Daftari la wiki mbili litasaidia, na daktari wake akiona inafaa, anaweza kumpa inhela yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya mirija ya hewa, kwa wiki nne kisha apimwe upya. FEV1 ikipanda kwa zaidi ya mililita 200 na asilimia 12, pumu imo. Ikibaki palepale, tutajua tunashughulika na nini. Vyovyote itakavyokuwa, salbutamol peke yake kwa miaka saba haikuwa njia njema: tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauipendekezi itumiwe peke yake, na katika ugonjwa sugu mtu mwenye kutweta kila siku anahitaji dawa ya kufungua njia inayodumu mchana na usiku.

---

BintiWaKayole alijibu:

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimezungumza na mama jioni hii. Kumbe tulipotoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari amevuta inhela mara mbili, na akavuta tena tuliposhuka kwenye matatu, kwa sababu kituo kiko mbali na kliniki na alitaka kufika bila kutweta. Kipimo kilifanyika saa mbili. Hakuna aliyemuuliza, naye hakujua kwamba lilikuwa jambo la kusema. Hakondi, hatoki jasho usiku, na damu hajaiona.

Nimepiga simu kliniki na wamekubali kumpima upya Alhamisi ijayo. Mashine yao, wamesema, bado imewekwa hesabu za zamani za watu weusi, na nimeomba watoe matokeo kwa hesabu mpya pia. Jiko tumelitoa nje ya nyumba tangu jana. Je, nimwandae vipi safari hii? Naogopa kwamba bila inhela asubuhi atashindwa hata kufika. Pia ana meno ya bandia ya juu, na safari ile aliyavua kwa sababu aliona ndiyo heshima.

---

MpimaPumzi alijibu:

Afadhali umeuliza, kwa kuwa hayo meno yanaweza kuwa sehemu ya ile C. Kama yanakaa imara, ayavae. Midomo hushika vizuri zaidi kijibomba cha mashine na hewa haivuji pembeni.

Kuhusu inhela, asijitese. Mwombe daktari wake aithibitishe ile saa ya mwisho ya kuvuta, na mwende kwa usafiri unaomshusha mlangoni kama mnaweza. Akibanwa njiani, avute, kisha mwambieni mpimaji ni saa ngapi alivuta ili aiandike. Kipimo cha siku nyingine kinapatikana. Ale chakula kidogo, si cha kushiba, avae nguo isiyombana kifua wala tumbo, na leso ifungwe kwa kulegea. Asipande ngazi kwa haraka katika saa ya mwisho kabla ya kupimwa. Kama amepasuliwa jicho au amepata shida ya moyo hivi karibuni, semeni kabla hajakalishwa kitini.

Nyumbani mfundishe jambo moja tu: avute hewa hadi asiweze tena, apulize ghafla bila kusita, kisha aendelee kusukuma hata anapodhani imekwisha, huku wewe ukihesabu polepole hadi kumi na tano. Mara mbili kwa siku zinatosha, akiwa ameketi, na akisikia kizunguzungu apumzike. Nenda na karatasi ya kwanza, maana atakayempima Alhamisi atataka kuona kama FVC imeongezeka sasa kwa kuwa meno yamo.